Jumba la McMillan: Uingereza iliyonakiliwa chini ya Kilimambogo

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya seva na misimbo. Hebu tuzungumze kuhusu nyumba. Usiende mbali, ndugu msomaji, maana kompyuta itarudi mlango wa nyuma.

Ukiwa Ngoliba, upande huu wa Thika, huhitaji dira. Unatazama ng'ambo ya Mto Athi, na pale umekaa mlima mmoja peke yake, kama mtu aliyekataa kuketi na wenzake. Kwa Kiswahili tunauita Kilimambogo. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa. Wakamba wanauita Kyanzavi. Wakikuyu wanauita Kĩa Njahĩ, na Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mila za Wakikuyu, anautaja kama mlima wa mvua kubwa, mmoja wa milima ambayo Mungu alihusishwa nayo. Shika hilo la majina, maana tutalihitaji. Kwa lugha yetu sisi waandika programu, hapa pana kitu kimoja chenye majina manne, na kila jina lilitolewa na watumiaji tofauti waliokuwa wakikitumia kila siku.

Chini ya mlima huo, upande wa Donyo Sabuk, kuna jumba la zamani ambalo watu huliita kasri la McMillan. Na kwenye tambarare za upande wa pili, ambako leo jina la Juja limekuwa la mji, chuo kikuu na nyumba za kupangisha zisizohesabika, kulikuwa na nyumba nyingine ya mtu huyo huyo. Zote mbili zilikuwa jaribio la kitu kimoja, nalo ni kuhamisha jumba la mashambani la Kiingereza, pamoja na desturi zake zote, na kulitua Afrika Mashariki.

La kuchekesha ni kwamba mwenyewe hakuwa Mwingereza!

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, mzaliwa wa Kanada, alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizounganishwa mwaka 1899 kuunda American Car and Foundry, jitu la mabehewa la Marekani. Kwa hiyo kijana alirithi fedha nyingi bila kupaka mikono yake grisi. Alimwoa Lucie Fairbanks Webber, binti wa Massachusetts, na wawili hao wakaanza maisha ya matajiri wa enzi ile: Uingereza, uwindaji, marafiki wengi, safari ndefu.

Mwaka 1903 aligharimia msafara wa kushuka Blue Nile kutoka Ethiopia kwa boti. Mto haukujali akaunti yake ya benki. Boti zilivunjika na mradi ukafa mapema. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye akageukia himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ambako reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901 na serikali ilikuwa ikitafuta walowezi wenye mifuko mizito ili reli ile ipate mizigo ya kubeba. Mwana wa mtengeneza mabehewa alikuja kutulia kando ya reli. Kama ningeandika riwaya ungesema nimetunga.

Alipata shamba la karibu ekari 20,000 na kuliita Juja. Kuhusu jina hilo kuna hadithi inayosimuliwa sana, kwamba alikuwa na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, na kwamba zilizikwa ardhini. Mimi naichukua kama hadithi. Lakini ukitafakari, inatisha kidogo: mji mzima wa Wakenya unaitwa jina ambalo, kwa masimulizi yake wenyewe, halikutoka kwa Mkikuyu, wala Mkamba, wala Mmaasai.

Sasa tusimame kidogo tuulize, jumba la mashambani la Kiingereza ni nini hasa? Wengi wetu tunaliona kwenye filamu: ngazi ndefu, picha za mababu ukutani, mtumishi mwenye koti jeusi. Tunadhani kitu chenyewe ni nyumba. Hapana. Nyumba ni uso tu, kama ukurasa wa mbele wa tovuti. Kinachoendesha mambo kipo nyuma, yaani ardhi, wapangaji wanaolipa kodi, vibarua, na sheria inayohakikisha mali inabaki mkono mmoja kizazi baada ya kizazi. Ukizima hivyo vya nyuma, nyumba inabaki kuwa mzigo wa kukarabati paa.

Na mara nyingi fedha zenyewe zilitoka mbali. Chukua Harewood House huko Yorkshire, iliyojengwa kati ya 1759 na 1771 kwa ajili ya Edwin Lascelles. Utajiri wa ukoo wake ulitokana na sukari ya Karibi na jasho la watumwa. Mwaka 2020 shirika la National Trust lilitoa ripoti iliyotaja majumba na maeneo 93 chini ya uangalizi wake yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Ripoti ilizua kelele kubwa huko Uingereza. Mimi kilichonivutia zaidi ni kazi ya kabla ya hapo: wanahistoria wa chuo cha UCL, London, walikaa na daftari za serikali za fidia ya pauni milioni 20 waliyolipwa wamiliki wa watumwa baada ya sheria ya 1833, wakaziingiza moja moja kwenye hifadhidata, na mwaka 2013 wakaifungua kwa umma. Ukiandika jina la mmiliki unaona alidai watu wangapi na akalipwa kiasi gani. Hakuna hotuba, hakuna matusi. Ni jedwali tu! Na jedwali hilo limewanyima usingizi watu ambao hotuba elfu moja hazikuwagusa.

Turudi Juja. Nyumba ya McMillan pale ilikuwa ya ghorofa moja yenye veranda pana, kama tunavyoisoma kwa mgeni wake maarufu kuliko wote. Theodore Roosevelt aliondoka madarakani Marekani mwezi Machi 1909, na Aprili mwaka huo huo akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Mwezi wa Mei walikuwa Juja. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka 1910, sura nzima imepewa jina la shamba hilo, na ndani yake kuna viboko na chui. Kutoka hapo wakaenda kuwinda nyati kando ya Kamiti, kwenye ranchi ya mlowezi aliyeitwa Heatley. Ndiyo, Kamiti ile ile ambayo Mkenya wa leo akisikia jina anawaza lango la gereza. Kwa ujumla baba na mwana walihesabu wanyama 512 waliowapiga risasi safari nzima: baba 296, mwana 216. Hesabu hiyo aliichapisha mwenyewe. Wengi wa wanyama hao walipelekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Kitu kidogo cha kuwafurahisha wapenzi wa vifaa: Roosevelt alisafiri na maktaba ndogo ya vitabu vilivyojaladiwa upya kwa ngozi ya nguruwe, ili visiharibiwe na jasho, damu na vumbi. Sanduku zima lilipangwa liwe mzigo wa mpagazi mmoja. Kwa hiyo kifaa cha kusomea cha kubebeka kilikuwepo mwaka 1909. Kilikuwa na miguu miwili, na jina lake halikuandikwa popote.

Nyumba ya aina hii iliishi kwa wageni. Winston Churchill, aliyezuru nchi mwaka 1907 akiwa naibu wa waziri wa makoloni, hutajwa miongoni mwao. Rafiki mmoja wa McMillan, Charles Bulpett, alikaa na familia hiyo miaka mingi na ndiye mzee Bulpett anayetokea katika kitabu cha Karen Blixen. Na McMillan alikuwa na nyumba ya mjini pia, kama ilivyowapasa mabwana wa Kiingereza: Chiromo, Nairobi, iliyojengwa na Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wa sayansi wanapita hapo na vibegi vya kompyuta wakiwahi mihadhara.

Vita vya 1914 vilipoanza, McMillan aliingia kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kilichojaa wawindaji na wazururaji wenye umri mkubwa. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa kupita kiasi, na masimulizi ya mkanda wake wa upanga yamekuwa utani wa miaka mia. Yeye na mkewe waliitoa Chiromo iwe mahali pa maafisa kupata nafuu. Mwaka 1918 akapewa cheo cha Sir. Mmarekani wa mabehewa akawa bwana wa Kiingereza kamili, na baadaye akakaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria la koloni.

Haya, mpaka hapa nimesimulia kama vitabu vya watalii vinavyosimulia: simba, wageni mashuhuri, mkarimu mnene mwenye moyo mzuri. Sasa tuangalie nyuma ya ukurasa.

Ardhi ilipatikanaje? Sheria ya Ardhi za Taji ya 1902 iliiruhusu serikali kugawa ardhi kwa walowezi, ikiwemo kwa kukodisha miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba miaka 99 ni michache. Mwaka 1915 ikaja sheria mpya iliyowapa miaka 999. Mia tisa tisini na tisa! Mtu yeyote aliyeandika programu anaijua tarakimu ya namna hiyo. Ndiyo unayoiweka pale unapotaka kusema "milele" lakini fomu inakudai namba. Ukihesabu kutoka 1915 inakufikisha mwaka 2914.

Na wenyeji je? Mwaka 1921 Mahakama Kuu, katika kesi ya Isaka wa Gathomo na wenzake inayojulikana zaidi kwa jina la Isaka Wainaina, iliamua kwamba haki zote za Waafrika juu ya ardhi hizo zilikwisha, na kwamba wao ni wapangaji kwa hiari ya Taji. Soma tena: wapangaji, kwenye ardhi yenye milima waliyoipa majina manne. Hapo ndipo nilipotaka ushike habari ya majina. Hoja ya kwamba tambarare hizi zilikuwa tupu inaanguka kwa ushahidi wa lugha peke yake. Mahali patupu hapana majina manne.

Kuna jambo la tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi, ingawa linachosha ukilisikia mara ya kwanza. Ni namna ya kutunza kumbukumbu. Kenya ilipata sheria ya usajili wa hatimiliki mwaka 1920, iliyofuata mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858. Wazo lake ni rahisi na, nakiri, ni zuri kiufundi. Kabla yake, ili kuthibitisha umiliki ulilazimika kufuatilia mnyororo mzima: huyu alinunua kwa yule, yule alirithi kwa huyu, kurudi nyuma miongo na miongo. Torrens akasema, achana na hayo yote. Tuweke daftari moja la serikali. Jina lililo kwenye daftari ndilo la mwenye mali, basi. Mnunuzi haulizi nyuma ya daftari.

Umeshaona tatizo? Ni sawa na kuchukua mradi wa programu, kufuta historia yote ya mabadiliko, na kubaki na toleo la mwisho tu. Inafanya kazi haraka. Ni safi. Lakini toleo la kwanza liliingizwa na nani, kwa idhini ya nani, na nini kilifutwa ili liingie? Mfumo umejengwa usijibu swali hilo, wala hautoi kosa lolote ukiuliza. Unakaa kimya. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2012 na kubadilishwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini rekodi zilizozaliwa chini yake zilihamia mfumo mpya kama zilivyo, kama tunavyohamisha hifadhidata ya zamani: safu zote, pamoja na makosa yake.

Sasa kasri. Waongozaji wa wageni husimulia kuhusu vyumba vya chini ambamo inasemekana watumwa walifungiwa. Nina wasiwasi na neno hilo. Utumwa kisheria ulikomeshwa Zanzibar 1897 na kwenye mwambao wa Kenya 1907, na kasri hili halikuhitaji soko la watumwa. Lilikuwa na kitu cha kisasa zaidi. Kwanza kodi ya vibanda, iliyoanza 1901, inayomlazimu mtu kutafuta pesa taslimu. Kisha sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, iliyogeuza kuacha kazi kuwa kosa la jinai. Halafu kipande, kilichopitishwa 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ambacho kila mwanamume Mwafrika alipaswa kutembea nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Hebu fikiria: utambulisho wa alama za vidole kwa taifa zima la wafanyakazi, zaidi ya miaka mia iliyopita, ukitumika kumrudisha mtu shambani. Hilo si lazima lichimbiwe handaki. Handaki likiwepo au lisiwepo, bustani ya Lady McMillan ilipaliliwa na watu wasio na hiari kubwa.

Sir William alifariki Nice, Ufaransa, mwaka 1925. Alitaka azikwe kileleni mwa Kilimambogo. Jeneza likaletwa, msafara ukaanza kupanda, na inasimuliwa kwamba klachi ya trekta lililokuwa likivuta ikaungua njiani. Mwili mzito, mlima mkali. Wakamzika hapo hapo. Ndiyo maana kaburi lake halipo kileleni bali kwenye bega la mlima, yapata kilomita 7 kutoka lango. Hivi mnaotengeneza mifumo mnajua: mpango mzuri kabisa, halafu kipuri kimoja.

Lady Lucie aliishi hadi 1957 naye akazikwa pale, pamoja na Louise Decker, mtumishi wao wa miaka mingi, na mbwa. Kabla ya hapo, kwa msaada pia wa shirika la Carnegie, alimjengea mumewe ukumbusho Nairobi: Maktaba ya McMillan, Banda Street, yenye simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962, uhuru ukibisha hodi, ilikwenda mikononi mwa Baraza la Jiji na milango ikafunguka kwa watu wote. Hapo ndipo naona historia imefanya jambo la maana. Tangu 2017 shirika la Book Bunk, la waandishi na wachapishaji Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likipigania kuifufua maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ikiwa ni pamoja na kuingiza hazina zake kwenye mfumo wa kidijitali. Magazeti na nyaraka za enzi za walowezi, zilizokusanywa ili Mwafrika asizione, sasa Mwafrika ndiye anayeziweka chini ya kamera.

Shamba nalo liligawanyika. Baada ya uhuru sehemu kubwa chini ya mlima ikawa ya wakulima wa ushirika wa Muka Mukuu, na hapo pia kukaja mivutano ya miaka mingi ya nani mwanachama, nani kiongozi, nani apate hatimiliki. Mlima wenyewe ukawa hifadhi ya taifa mwishoni mwa miaka ya 1960. Upande wa Thika mashamba makubwa ya mkonge na mananasi yakaendelea kuwa makubwa, na watu wa Ngoliba na Gatuanyaga wakaendelea kupita kando ya nyua zake kwenda kwenye viploti vyao. Kisha Katiba ya 2010, ibara ya 65, ikafanya jambo ambalo halikupigiwa tarumbeta vya kutosha: mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, tena isiyozidi miaka 99. Kila mkataba wa miaka 999 ulioshikwa na asiye raia ukashushwa siku hiyo. Mwaka 2914 ukafutwa kwenye programu kwa mstari mmoja.

Mwezi Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikianza na Nairobi. Mimi ni mtu wa kompyuta, siwezi kulilia mafaili yenye vumbi. Faili la karatasi hupotea na mtu wa kaunta hujua kwa nini. Lakini ninavyoelewa mimi, kuskani daftari na kuliingiza kwenye seva kunahifadhi toleo la mwisho. Ningependa kuona vijana wetu wakifanya kama wale wa UCL: wachukue matangazo ya Gazeti Rasmi la serikali tangu miaka ya 1900, ambayo mengi tayari yameskaniwa, wayageuze jedwali, kila shamba na safu zake: nani alipewa, lini, ekari ngapi, masharti gani, alimuuzia nani, na nani alikuwa akiishi hapo. Teknolojia yake si ngumu. Usomaji wa maandishi kwa mashine, hifadhidata ya kawaida, ramani huria. Kazi ngumu ni safu ile ya mwisho, maana hiyo haipo kwenye Gazeti. Hiyo ipo kwa wazee wa Ngoliba, Kilimambogo na Matungulu, na wao hawaskaniwi.

Ukitaka kupaona mwenyewe, kutoka Thika shika barabara ya Garissa, ukate kulia kuelekea maporomoko ya Fourteen Falls, vuka Mto Athi, na Donyo Sabuk ipo mbele yako. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu, si pesa taslimu, kwa hiyo chaji betri kabla hujatoka. Usipande kwa miguu bila askari wa wanyamapori: mbogo wa Kilimambogo hawapo kwenye jina tu.